Mtungi wa Wageni

Nchi ya Tulivu haipo kwenye ramani yako, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Ukisoma habari hizi ukadhani umewahi kufika huko, au una shangazi aliyeolewa huko, tafadhali jua kwamba umeichanganya na nchi nyingine. Tulivu ni nchi yenye mambo mazuri matupu. Kwa mfano, wizara zake ni chache, kwa sababu serikali yake haipendi makuu. Ndiyo maana Wizara ya Makaa ya Mawe na Wizara ya Maji ziliunganishwa zikawa wizara moja, yenye waziri mmoja, meza moja na birika moja la chai.

Muungano huo ulirahisisha kazi mno. Zamani Waziri wa Maji alipotaka kujua kama mgodi wa makaa unachafua maji, alilazimika kumwandikia Waziri wa Makaa, na majibu yalichukua miezi sita. Sasa Mheshimiwa Fulgensi Tamkwa alijiandikia mwenyewe.

"Ndugu Waziri," aliandika akiwa upande wa kushoto wa meza, "naomba kufahamishwa kama mgodi wako una madhara yoyote kwa maji yangu."

Kisha aliinuka, akazunguka meza, akaketi upande wa kulia, akavaa miwani, akaisoma barua kwa makini. Akajibu: "Ndugu Waziri, hauna." Akazunguka tena, akaipokea, akajishukuru kwa ushirikiano. Nakala ziliingia kwenye mafaili mawili. Mara moja tu alijichelewesha kujibu, na hapo hakujionea haya: alijiandikia barua kali ya onyo, akaomba radhi, akajisamehe.

Lakini msidhani kwamba serikali iliridhika na barua. La hasha. Kuzunguka Mgodi wa Kihororo vilichimbwa visima kumi na viwili vya uchunguzi. Hivi si visima vya kunywea. Ni mabomba ya chuma yaliyosimikwa ardhini, ili mpimaji ashushe kichupa kwa kamba, achote maji ya huko chini na kujua yamebeba nini. Kila kisima kilizinduliwa kwa siku yake, kwa utepe wake na keki yake. Baada ya hapo, kwa kuwa visima ni mali ya umma, na tabia ya umma inajulikana, vilifungwa kwa makufuli ili umma usivifikie. Funguo zote kumi na mbili ziliwekwa kwenye kabati la Mheshimiwa. Ufunguo wa kabati, kwa usalama zaidi, uliwekwa ndani ya kabati hilohilo.

Mto Nambuo, unaopita kando ya mgodi, nao haukusahauliwa. Ukingoni mwake palisimikwa kibao kikubwa: MTO HUU UNACHUNGUZWA. Tangu kibao kisimikwe, mto haujakamatwa na kosa lolote.

Hivyo kazi yote iliyobaki ya kupima maji ilimwangukia mtu mmoja, Bwana Otmari Lihawa.

*

Bwana Otmari alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sanduku la mbao lenye chupa za kioo. Alikuwa mstaarabu kupita kiasi. Akikuta mbuzi amelala njiani, husimama pembeni akangoja aamke.

Sasa, liko jambo moja ambalo kila mtu wa Tulivu analijua tangu utotoni: huchungulii kisima cha mtu. Kisima ni kama chungu kilichoko jikoni kwa mwenyewe. Unaonjeshwa, hufunui. Kwa hiyo kila mwaka, Bwana Otmari alipofika Mchelenga, kijiji cha kwanza chini ya mgodi, hakwenda kisimani. Alikwenda nyumbani kwa Bibi Eufemia Mapunda, mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye kisima chake ndicho kilichokuwa karibu na mgodi kuliko vyote. Alipiga hodi, akaamkia, akaketi kwenye kigoda, na baada ya muda wa adabu akasema, "Bibi, naomba maji."

Bibi Eufemia alimletea maji kwenye kata. Bwana Otmari alikunywa nusu, kwa heshima. Bibi alipogeuka kufukuza kuku, alimimina nusu iliyobaki kwenye chupa, akaifunga na kubandika lebo: Kisima, Mchelenga. Kazi ya mwaka ikawa imekwisha.

Lakini liko jambo la pili ambalo kila mtu wa Tulivu analijua: mgeni hapewi maji yenye kasoro.

Na maji ya Mchelenga yalikuwa na kasoro. Tangu mgodi ufunguliwe, kisima cha Bibi Eufemia kilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa isiyo na maziwa, juu kikiwa na utando unaong'aa kama upinde wa mvua, na ladha ya msumari. Maharage yaliyobandikwa asubuhi yaliepuliwa jioni yakiwa bado yanagongana sufuriani kama kokoto. Bata wa kijiji waliingia dimbwini weupe wakatoka na kutu. Mashati meupe ya watoto wa shule yalifuliwa hadi yote yakawa ya kahawia. Afisa Elimu alipokuja ukaguzi na kuwakuta watoto mia mbili wamefanana rangi bila hata mmoja kukosea, alitokwa na machozi ya furaha, akaipa shule cheti cha nidhamu.

Ndiyo maana kila nyumba ya Mchelenga ilikuwa na mtungi wa wageni. Maji yake yalitoka chemchemi ya kilima cha Ngelele, mwendo wa saa mbili kupanda na saa tatu kurudi na ndoo kichwani. Mwenye nyumba hakuyagusa. Hata Bibi Eufemia alipougua homa, midomo ikamkauka hadi ikapasuka, alikataa kuonjeshwa.

"Akitokea mgeni leo," aliuliza, "mtampa nini?"

Basi kwa miaka saba mfululizo, maabara ya Wizara ilipokea kutoka kijiji kilicho chini ya mgodi wa makaa maji safi kuliko yote katika Jamhuri. Maabara ilikuwa na mihuri mitatu tu: SAFI, SAFI SANA na SAFI MNO. Mchelenga iligongewa SAFI MNO mara saba.

*

Muhuri huo ulikuwa unamuua Bibi Eufemia taratibu, na nitaeleza kwa nini.

Nyuma ya shule ya Mchelenga kulilazwa mabomba mia nane ya plastiki, zawadi ya watu wema wa mbali. Yalitosha kuteremsha maji ya chemchemi kutoka Ngelele hadi katikati ya kijiji. Bibi Eufemia alikuwa amekwisha kupigilia vigingi, kimoja kimoja, kuonyesha mtaro utakapopita. Kilichokuwa kimebaki ni ruhusa, na sheria ya Tulivu kuhusu ruhusa iko wazi: kijiji kitapewa maji baada ya kuthibitika kwamba maji yake ni mabaya. Serikali haiwezi kuwapa maji watu wenye maji.

"Bwana Mpima," Bibi Eufemia aliuliza kila mwaka, "mtapima lini?"

"Tumeshapima, Bibi."

"Na majibu?"

"Mazuri mno, Bibi. Hongereni sana."

Bibi alichukua kata, akaenda kuiosha. Aliamini kwamba kipimo kinafanyika huko kwenye mabomba ya chuma yenye makufuli, na kwamba labda mashine imeharibika; lakini unamwambiaje mgeni kwamba mashine yake mbovu? Bwana Otmari naye aliyaona mashati ya watoto na bata wenye kutu, akashangaa. Lakini unamuulizaje mwenyeji wako kwa nini maji yake ni matamu hivi? Miaka saba wakaheshimiana hivyo, na kuku wakaanza kutagia ndani ya mabomba.

Mwaka wa nane ikaja barua. Ilisema kwamba ikiwa kipimo cha nane kitatoka safi, mabomba yatahesabiwa kuwa hayana kazi, yatapelekwa mji mkuu kujengea chemchemi ya mapambo mbele ya Wizara. Katikati ya chemchemi hiyo atasimama samaki wa saruji, akitema maji juu usiku na mchana. Mchoro wa samaki uliambatanishwa. Alikuwa amefanana kidogo na Mheshimiwa.

*

Bwana Otmari alifika kwa kipimo cha nane siku ambayo mvua ilivunja daraja la Nambuo nyuma yake.

"Basi utalala," alisema Bibi Eufemia.

"Sitaki kuwasumbua, Bibi."

"Mgeni anasumbua? Keti."

Siku ya kwanza alichinjiwa jogoo na kunyweshwa maji ya mtungini. Siku ya pili alipikiwa wali na kunyweshwa maji ya mtungini. Siku zote mbili alilalia kitanda cha Bibi, na Bibi akalala kwenye mkeka.

Siku ya tatu, kabla jua halijachomoza vizuri, mlango ulisukumwa bila hodi.

"Otmari! Amka, jua linakuacha."

Bwana Otmari alishtuka. Kwa miaka minane mama huyu hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Alitoka nje akifunga vifungo, akakuta amewekewa jembe, limeegemezwa ukutani, na kando yake kata ya maji.

"Kunywa twende," alisema Bibi. "Mihogo haijipalilii."

Bwana Otmari aliitazama kata. Ndani yake kulikuwa na chai ya mkandaa yenye upinde wa mvua.

"Bibi, samahani. Hiki ni nini?"

"Maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya kisimani kwangu. Wapi tena?"

"Na yale... yale ninayokunywa kila mwaka?"

Bibi Eufemia alicheka hadi akashika kiuno. "Yale ya wageni, baba! Tunayafuata Ngelele. Ulidhani sisi ndio tunakunywa yale? Tungekuwa na meno haya?" Akamwonyesha meno yake, ambayo yalikuwa na rangi ileile ya mashati ya shule. "Mgeni siku mbili. Leo wewe si mgeni, wewe ni mwenzetu. Kunywa."

Bwana Otmari aliketi kwenye kigoda. Akafungua sanduku lake la mbao polepole, akatoa chupa, akamweleza Bibi Eufemia, kwa sauti ya mtu anayekiri dhambi, mahali alipokuwa akichotea maji kwa miaka saba.

Bibi aliacha kucheka. Alitazama upande wa shule, kwenye mabomba. Kisha alitazama mtungi wa wageni uliofunikwa kwa kitambaa chake cheupe, kitambaa pekee cheupe kilichobaki Mchelenga.

"Ina maana," alisema, "ni mimi?"

"Hapana, Bibi. Ni mimi."

"Kumbe nimebeba ndoo miaka saba nikijifungia mlango mwenyewe."

"Bibi, mimi ndiye niliyeona haya kuchungulia."

Walibishana hivyo kwa muda, kila mmoja akilivutia kosa upande wake, jambo ambalo halijawahi kutokea katika Wizara. Mwishowe Otmari alijaza chupa kwenye kata, akabandika lebo, akaenda kupalilia mihogo.

*

Daraja lilipotengenezwa, Otmari aliipeleka chupa maabara, nayo ikairudisha baada ya siku nne, ikiwa na maelezo: "Tunaomba watumishi wa nje wasitutumie vifungua kinywa vyao." Otmari akairudisha, akasema ni maji. Mkuu wa maabara alichukua muhuri wa SAFI, akaurudisha mezani. Hakukuwa na muhuri mwingine. Chupa ikapelekwa kwa Mheshimiwa.

Mheshimiwa Tamkwa aliiweka katikati ya meza. Akiwa kushoto aliona ni maji machafu. Akazunguka, akaketi kulia, na kutoka huko akaona ni uchochezi. Baada ya kujiandikia barua tano alifikia uamuzi. Angekwenda Mchelenga mwenyewe. Angeketi nyumbani kwa huyo Bibi Eufemia, apewe maji kwa mkono wake, anywe mbele ya redio ya taifa, kisha lori lipakie mabomba na waondoke. Ratiba yote ilitengewa muda wa saa mbili, pamoja na chakula.

Otmari alidandia lori la mahindi, akafika Mchelenga siku moja kabla ya msafara.

"Bibi," alisema akihema, "ni rahisi. Akisema naomba maji, mpe ya kisimani."

Bibi Eufemia alimtazama kana kwamba ametukana.

"Nimpe mgeni maji yale?"

"Ni kwa ajili ya mabomba."

"Otmari. Mtu katoka kwao, kavuka mto, kapiga hodi kwangu, halafu nimpe maji ya msumari? Mama yangu alizikwa pale kwenye mgomba. Atatoka anizabe kofi mbele ya redio."

"Basi tumweke siku tatu."

"Ratiba yake?"

"Saa mbili," alisema Otmari kwa unyonge.

"Unaona."

Wanakamati waliitwa. Mmoja alipendekeza wamfungie waziri chooni hadi siku ya tatu; ikaonekana kwamba mgeni hafungiwi chooni. Mwingine alipendekeza wampe maji ya mtungini yaliyotiwa udongo kidogo. Bibi akauliza ni tangu lini Mchelenga wanamdanganya mgeni. Wa tatu, mzee Bosko, alisema hana pendekezo, ila alitaka ijulikane kwamba ana kiu.

Kulipokucha, nyumba ya Bibi Eufemia ilikuwa tupu. Alikuwa ameondoka peke yake alfajiri na ndoo. Alirudi saa nne kasorobo, shingo imekakamaa, kanga imelowa mgongoni, akamimina maji ya Ngelele mtungini polepole ili yasitibuke, akafunika kwa kitambaa cheupe. Otmari alijaribu kumpokea ndoo, akamkatalia.

"Ni maji mazuri," alisema Bibi, akifuta macho kwa ncha ya kanga na kusingizia jasho. "Atayapenda."

*

Msafara uliingia na magari kumi na manne, na nyuma yake lori tupu. Wakati kwaya ya shule ikiimba, wapagazi walikuwa wameshaanza kupakia mabomba, na kila bomba liliposhuka kwenye bodi la lori lililia ngo! kama linapiga mdundo. Kuku mmoja alitoka mbio kwenye bomba la mia mbili na kumi, akilalamika.

Mheshimiwa aliketi kwenye kiti cha kitambaa barazani kwa Bibi Eufemia. Mtangazaji wa redio, Kandida Nyoni, dada mmoja aliyependa kazi yake, aliweka kipaza sauti karibu na koo la Mheshimiwa ili taifa lisikie maji yakipita. Bibi Eufemia alikuwa amesimama kando ya mtungi, kata mkononi, kitambaa amekwisha kukifunua.

Kama Mheshimiwa angeomba maji wakati ule, habari yangu ingeishia hapo, na samaki wa saruji angekuwa anatema hadi leo. Lakini waziri wa Tulivu hawezi kunywa kabla ya kuhutubia.

"Ndugu zangu wa Mchelenga!" alianza. "Kuna watu wanapita wakisema maji yenu ni mabaya. Je, maji mabaya yangeweza kuzaa watu wazuri kama nyie?" Makofi machache. Mheshimiwa hakupenda uchache wake, akainua sauti. "Wananiona nimekuja na magari wanadhani nimekuja kutembea. Mimi si mgeni hapa!"

Kata ya Bibi Eufemia, iliyokuwa inashuka mtungini, ilisimama hewani.

"Mheshimiwa, samahani," alisema. "Umesemaje?"

Mheshimiwa alifurahi kuona ameanza kueleweka. Akausogelea mkono wa Kandida wenye kipaza sauti. "Nimesema, mama yangu, mimi si mgeni hapa! Nisihesabiwe kuwa mgeni! Mimi ni mwana wa Mchelenga! Mnachokula ninyi ndicho ninachokula! Mnachokunywa ninyi ndicho ninachokunywa!"

Kijiji kizima kilisimama. Makofi yaliyopigwa hayajawahi kupigwa kwa waziri yeyote wa Tulivu, kwa sababu yalitoka moyoni. Mzee Bosko alirusha kofia yake. Mheshimiwa alipunga mikono yote miwili, akarudia maneno yale mara ya tatu, na mara ya nne kwa ajili ya wasikilizaji waliochelewa kufungua redio.

Bibi Eufemia aliufunika mtungi kwa kitambaa cheupe. Akatembea hadi kisimani, wala hakuharakisha, akachota. Aliporudi alikuwa na kata mkono wa kulia na jembe mkono wa kushoto.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alisema. "Kunywa, halafu twende kazini. Siku nyingi umetuachia shamba."

Mheshimiwa Tamkwa alitazama ndani ya kata. Alijiona humo, kahawia, akiwa na upinde wa mvua puani.

"Wasikilizaji wanasubiri koo lako, Mheshimiwa," alinong'ona Kandida.

Mheshimiwa alimtazama Mkurugenzi wake. Mkurugenzi alitazama mawingu. Alimtazama mlinzi wake, ambaye kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alirudi nyuma hatua mbili. Ndipo akili iliyomfikisha kwenye viti viwili ikafanya kazi.

"Kazi kwanza!" alipaza sauti. "Mzalendo hanywi kabla ya kutoa jasho!" Akalinyakua jembe. "Nilime wapi, mama?"

Bibi Eufemia alinyoosha kidole kwenye mstari wa vigingi, unaotoka uwanjani na kupanda kuelekea Ngelele.

"Hapo, mwanangu. Kina cha goti."

*

Mheshimiwa alilima. Kila aliponyooka kufuta jasho, Bibi Eufemia alikuwa amesimama mbele yake na kata.

"Pole na kazi, mwanangu. Kunywa."

"Bado kidogo, mama!" alijibu Mheshimiwa, na kuinama tena kwa nguvu mpya.

Kanuni za itifaki za Tulivu zinakataza mtumishi kusimama wima wakati waziri ameinama. Mkurugenzi akaomba jembe. Mkuu wa maabara akaomba jembe. Walinzi, madereva na mpiga picha wakaazima majembe nyumba kwa nyumba, na kwa kuwa wote walihesabiwa pamoja na bosi wao katika yale maneno ya "mimi si mgeni", kila aliyepumzika alipelekewa kata yake. Watu wazima waliokuwa hawajashika jembe tangu shule ya msingi walichimba kama fuko. Hakuna mradi katika historia ya Tulivu uliowahi kwenda kasi namna hiyo.

Saa kumi jioni, Kandida alimfuata Mheshimiwa mtaroni na kipaza sauti.

"Mheshimiwa, taifa linasikiliza moja kwa moja. Mtaro huu ni wa nini?"

Mheshimiwa alinyooka. Nyuma yake kulikuwa na mtaro wa hatua mia tatu uliochimbwa na Wizara nzima. Mbele yake kulikuwa na Bibi Eufemia na kata. Kando kulikuwa na lori lililojaa mabomba mia nane.

"Ni wa..." alisema, akameza mate, maana hakuwa na kingine cha kumeza. "Ni wa mabomba."

"Mabomba yapi, Mheshimiwa?"

"Ni hayo hapo niliyokuja nayo kwenye lori!"

Dereva wa lori, mtu mwelewa, alirudi kinyumenyume na kuanza kushusha.

Wanakijiji walimalizia mtaro kwa wiki mbili. Wizara isingeweza kuwazuia, kwa sababu mtaro ulioanzishwa na waziri haufukiwi bila sherehe ya kufukia, na hakuna afisa aliyekuwa tayari kurudi Mchelenga kuandaa sherehe.

*

Serikali ilijifunza kutokana na tukio hilo. Ulitoka waraka kwa viongozi wote ukiwakataza kusema "mimi si mgeni hapa". Sasa kila kiongozi wa Tulivu akifika kijijini lazima aanze hotuba kwa maneno haya: "Ndugu zangu, mimi ni mgeni hapa, tena napita tu." Wananchi wameupokea waraka vizuri. Wanasema wamezoea kuona hivyo, ila walikuwa hawajawahi kuambiwa.

Mwaka wa tisa Otmari alipiga hodi kwa Bibi Eufemia. Watoto wawili walipita wakikimbia na mashati mapya meupe. Bibi alimletea maji kwenye kata, akanywa yote.

"Ya wageni au ya nyumbani?" aliuliza.

"Siku hizi ni mamoja," alisema Bibi. Kwenye mtungi wa zamani alikuwa amepanda mchaichai.

Kisha Otmari alikwenda kisimani bila kuomba, kama anavyokwenda mtu wa nyumbani, akakichungulia. Kilikuwa kileile, na upinde wake wa mvua, na mgodi ulikuwa bado unanguruma upande wa juu wa kijiji. Akashusha chupa kwa kamba, akaijaza, akabandika lebo. Maabara walikuwa wamekwisha kuchonga muhuri wa nne kwa ajili yake: SAFI KWA WENYEJI.

Otmari hakubishana na muhuri. Alifunga taarifa vizuri kwa kamba, na kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya kiambatisho, aliambatanisha jembe.

Mheshimiwa alilipokea akiwa upande wa kushoto wa meza. Alilitazama kwa muda mrefu. "Ndugu Waziri," aliandika, "hili nadhani ni lako." Akalisukuma, akazunguka, akaketi, akavaa miwani. "Ndugu Waziri," akajibu, "hapana, ni lako."

Nasikia jembe hilo bado linasafiri juu ya meza ile, kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto. Wafagizi wanasema kila likipita linadondosha udongo mwekundu wa Mchelenga kwenye mafaili yote mawili, na kwamba hata wafagie vipi, hauishi.